Mwezi Bila Paketi

Kiwandani walimwita Bi Ulimi, naye hakuchukia. Ulimi hauna mfupa, walisema wanawake wa kitengo cha kufunga paketi, lakini wa kwake una mizani. Kazi yake ilikuwa kuonja biskuti. Kila mkupuo ulipotoka kwenye tanuri, trei moja ililetwa kwenye chumba kidogo chenye meza ndefu na jagi la maji ya uvuguvugu. Hapo waonjaji watatu waliuma, wakatafuna, wakasukutua, wakatoa hukumu: sawa, imepungua, au imezidi. Wakisema utamu umezidi, mtu wa mashine ya kuchanganyia alipunguza sukari kwenye mkupuo unaofuata. Mtu huyo walimwita Kijiko, kwa wembamba wa mwili na ukubwa wa kichwa. Wakisema umepungua, Kijiko aliongeza. Hakukuwa na rufaa.

Watu hudhani hiyo ni kazi ya raha. Waende wakayaulize meno yake.

Nyumbani hakukuwa na wa kuonjea. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na binti yake, mtoto pekee, aliishi mji wa mbali na mume wake, akifanya kazi katika ofisi ya bima. Nyumba ilibaki na meza ya viti sita ambayo Bi Ulimi aliipangusa kila Jumamosi na hakuikalia hata siku moja. Alikula amesimama jikoni, nyonga imeegemea sinki. Na kula kwenyewe kulikuwa chai ya maziwa na vipande vya biskuti zilizovunjika, ambazo wafanyakazi waliruhusiwa kuondoka nazo. Apike, ampikie nani? Ukiinjika sufuria kwa ajili ya mtu mmoja, sufuria yenyewe inakucheka.

Mwili ukamtolea hesabu yake. Kwenye upimaji wa wafanyakazi, daktari aliangalia majibu, akavua miwani.

"Mama, sukari yako iko mlangoni. Haijaingia, lakini inabisha hodi."

"Sitafungua."

"Itaingia dirishani. Badilisha chakula."

Jioni hiyo alimwandikia binti yake, kwa ufupi, kama mtu anayetoa taarifa ya bomba lililopasuka. Kwa kawaida binti huyo alituma ujumbe kila Jumapili: Shikamoo mama, mzima? Mama akajibu: Marahaba, mzima. Wiki ikafungwa hapo. Safari hii simu iliita kabla chai haijapoa.

"Mama, sukari! Na wewe unaniambia kama unaniambia bei ya nyanya."

"Ulitaka nikuimbie?"

"Sikiliza. Tunafanya mwezi mzima, mimi na wewe. Chakula kizima tu."

"Kizima ndicho kipi? Nilichokuwa nakula kilikuwa mahututi?"

Binti akacheka, na mama akaweka kikombe chini ili asikose hata chembe ya kicheko hicho. Kisha akasomewa sheria. Chakula kizima ni kile ambacho ukikitazama unajua kilitoka ardhini, mtini au kwa mnyama. Hakuna cha paketi, hakuna cha kopo, hakuna unga mweupe, hakuna sukari hata ya kuungia chai.

"Na kila jioni nakupigia video," binti alisema. "Unanionyesha sahani yako, nakuonyesha yangu. Bila hivyo utaniibia, nakujua."

"Kila jioni?"

"Kila jioni, mama. Mpaka mwezi uishe."

Bi Ulimi akakubali papo hapo. Angeambiwa ale mawe ya kuchemsha, angeuliza tu yanaiva kwa muda gani.

Siku za mwanzo zilikuwa za adhabu. Kichwa kilimgonga kama mlango wa mdeni. Mikono ilienda yenyewe kwenye kabati ilikokuwa bati la vipande vya biskuti, ikakuta kunde, ikarudi kwa aibu. Aligombana na birika. Alimgombeza kondakta wa basi la kiwanda kwa kosa la kumwamkia kwa furaha. Uji wa mtama usio na sukari aliumeza huku amefumba macho, kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo.

Lakini jioni ilipofika, alivaa gauni safi, akajifunga kitambaa kichwani, akaketi. Ilibidi aketi, maana simu haikusimama vizuri jikoni, na mtandao wa huko hukatika. Aliiegemeza kwenye bakuli la matunda katikati ya ile meza ya viti sita, akaweka sahani mbele yake, na sura ya mwanawe ikatokea.

"Shikamoo mama. Leo nini?"

"Marahaba. Viazi vitamu, maharagwe, mchicha. Na yai, usije ukasema sikuonyesha yai."

"Yai liko wapi?"

"Chini ya mchicha. Limejifunika, lina haya."

Binti naye akainua sahani yake: mchele ambao haukukobolewa, samaki, karoti mbichi. Nyuma yake mkwe alipita na kipande cha mkate mdomoni, akaamkia kwa shida.

"Huyo hayumo kwenye mkataba wetu," binti alieleza.

"Mwache ale. Akifa tutamzika na mkate wake."

Wakala. Huku wakila wakazungumza, kwa sababu watu wawili hawawezi kutafuna wakitazamana macho bila kusema neno. Bi Ulimi akasikia habari ambazo ujumbe wa Jumapili haukuwahi kuzibeba. Kwamba bosi wa ofisini anampa binti yake kazi za watu wawili. Kwamba mkwe anakoroma hadi jirani amegonga ukuta. Kwamba binti amewahi kuandika barua ya kuacha kazi, akaichana. Mama hakutoa mawaidha mengi. Alisema, "Kula kwanza hizo karoti," na alishangaa namna neno hilo lilivyotosha.

Hata alianza kupika kwa bidii. Hakufanya hivyo kwa sababu ya sukari. Alitaka sahani yenye jambo la kuulizwa. Akinunua samaki alichagua mwenye sura ya ajabu. Akikata boga aliacha maganda yake ya kijani ili mwanawe aseme, "Mama, hilo ganda nalo unakula?" Swali moja kama hilo lilikuwa na thamani ya dakika kadhaa.

Kiwandani aliamua kutema. Zamani alimeza alichoonja; sasa aliuma, akatafuna, akatemea kikombeni.

"Kutema si kuonja," alisema mwonjaji mwenzake, mzee ambaye walimwita Babu Jagi kwa wingi wa maji anayokunywa. "Utamu wa biskuti uko kooni."

"Koo langu liko likizo, babu. Onja yako."

Mwonjaji wa tatu, mwanamke waliyemwita Shoga kwa sababu alimwita kila mtu hivyo, aliendelea kutafuna. Alikuwa na desturi ya kutafuna taratibu na kumtazama Bi Ulimi. Babu Jagi naye alifanya hivyo. Miaka mingi ya kufanya kazi pamoja iliwafunza kwamba Bi Ulimi hakosei, basi wakaacha kujisumbua. Hawakuwa wakionja biskuti tena, walikuwa wakionja uso wake.

Na uso huo ulikuwa umeanza kukunjamana. Mwezi ulipofika katikati, Bi Ulimi alikula kiazi kitamu akadhani kuna mtu amekinyunyizia sukari. Maziwa matupu yalikuwa matamu. Karoti ilikuwa tamu kama peremende. Alimwambia binti yake, wakastaajabu pamoja, na ilikuwa jioni nzuri. Halikumpitia akilini, hata yeye mwenye ulimi wa mizani, kwamba ulimi huo huo ndio anaoupeleka kazini asubuhi.

"Imezidi," alisema, trei ilipoletwa.

"Imezidi," alisema Babu Jagi.

"Imezidi, shoga," alisema Shoga.

Kijiko akapunguza sukari. Siku iliyofuata: imezidi. Akapunguza tena. Kijiko alikuwa mtu wa amri. Angeambiwa atie mchanga angeuliza ndoo ngapi.

Kitengo cha kufunga ndicho kilichogundua. Biskuti hutanuka tanurini kwa sababu ya sukari inayoyeyuka. Ikipungua, zinabaki zimejikunyata, nene, zenye rangi ya karatasi. Mashine ilipozipanga, paketi hazikufunga. Ncha zilibaki wazi, biskuti ya mwisho imechungulia nje. Wanawake wa kitengo kile walisimamisha mkanda wa mashine, wakaja mlangoni kwa waonjaji na trei mkononi.

"Bi Ulimi, hebu tuambie siri," alisema mkubwa wao. "Wewe unakonda, biskuti zinanenepa. Mmebadilishana mwili?"

Wakacheka wote. Bi Ulimi akachukua biskuti moja, akaitazama. Hakuhitaji kuionja. Aliona rangi yake, aliona unene wake, akakumbuka karoti iliyomfurahisha jana. Uso ukamshuka.

Msimamizi wa kiwanda alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu mpole mwenye kawaida ya kupanga kalamu zake kabla ya kusema jambo gumu.

"Hizi zote zitauzwa kama chakula cha mifugo," alisema. "Nini kimetokea?"

"Mdomo wangu. Sijala sukari wiki kadhaa. Kila kitu naona kitamu."

"Na wenzako?"

"Wenzangu walinifuata. Wasiguswe."

Msimamizi akapanga kalamu upya. "Dawa yake ni rahisi, mama. Anza kunywa chai ya sukari, kula biskuti zako kama zamani. Ulimi utarudi."

Hapo angeweza kusema ndiyo. Kikombe kimoja tu cha chai, na nani angejua? Lakini binti yake angemuuliza jioni, na yeye hakuwahi kumdanganya usoni. Na akikiri kwamba ameacha, mkataba umevunjika. Mkataba ukivunjika, hakuna sahani ya kuonyesha. Hakuna sahani, hakuna simu.

"Daktari hataki," alisema, na hilo lilikuwa kweli, ingawa halikuwa sababu. "Niweke kufunga mpaka mwezi uishe."

"Kufunga? Wewe? Kule ni kusimama kutwa."

"Miguu ninayo."

Akapelekwa kufunga. Alivaa aproni ya rangi ya wafungaji, akasimama kwenye mkanda, akatoa zilizovunjika na kupitisha nzima. Wenzake wapya walimkaribisha kwa mizaha, kisha wakaendelea na soga zao ambazo yeye hakujua mwanzo wake. Wakati wa mapumziko walikunywa chai ya sukari na mkate kwenye benchi moja ndefu, na yeye, mwenye kibakuli cha njugu za kuchemsha, alikaa pembeni. Mmoja alimsogezea kikombe.

"Karibu, Bi Ulimi. Kidogo tu."

"Ahsante. Nimefunga mkataba."

"Na nani? Na malaika?"

Akatabasamu, akachukua njugu nyingine. Ukikataa kikombe cha mtu mara moja, atakualika tena. Ukimkatalia mara nyingi, atakugeuzia mgongo apate nafasi ya kiwiko chake. Hakuna aliyemchukia. Walimwacha tu na njugu zake, na Bi Ulimi alijiambia jioni ipo.

Jioni ya mwisho ya mwezi alichinja kuku. Alimchoma na vitunguu vizima, akapanga na boga na mboga za majani, sahani iliyojaa hadi ukingoni. Binti akapiga makofi kwenye skrini.

"Hongera mama, tumemaliza! Unajisikiaje?"

"Mwepesi. Gauni limekuwa gunia. Daktari amesema aliyekuwa mlangoni ameondoka."

"Alhamdulillahi. Umenishinda. Mimi nikiona kiazi kitamu kingine nalia."

Bi Ulimi alikata kipande cha boga vipande vidogo, vidogo kuliko ilivyohitajika. "Nilifikiri tuendelee. Mwezi mwingine."

"Wewe endelea, mama, ni vizuri kwako. Mimi kesho nakula mkate, mume wangu ameshanunua."

"Sawa."

"Umekasirika?"

"Nikasirikie mkate?"

Wakaagana. Kesho yake Bi Ulimi alipika, akavaa gauni safi, akaweka sahani mezani na simu kwenye bakuli la matunda. Alijua haitaita. Alikaa hata hivyo. Skrini ilikuwa nyeusi na ndani yake aliuona uso wake mwenyewe, umekonda, ukisubiri. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Jumapili ujumbe ukaja: Shikamoo mama, mzima? Akajibu: Marahaba, mzima. Akatazama neno hilo muda mrefu. Hakulifuta.

Mtu angeuliza: kwa nini asipige yeye? Simu si ni ya kwake pia? Lakini katika familia hiyo mama hapigi. Mama yake Bi Ulimi hakupiga, na yeye hakupiga. Mtoto ndiye anayemjulia hali mzazi. Mzazi anayepiga anaomba, na kuomba kwa mwanao ni kumtwisha mzigo ambao hajajitolea kuubeba. Tangu binti aolewe, Bi Ulimi alikuwa amempigia mara mbili tu: baba alipoanguka bafuni, na baba alipokata roho. Alijivunia jambo hilo. Aliwaambia watu, "Mimi simsumbui mtoto wangu," na watu wakasema, "Una bahati, mtoto naye hakusumbui." Sasa ndipo alipoyasikia maneno hayo vizuri.

Chakula hakukiacha. Mwili ulikuwa umekipenda, na hakuwa mjinga wa kurudisha ugonjwa ili apate huruma, ingawa wazo hilo lilimpitia, siku moja, alipokuwa akipita dukani mbele ya makopo ya jemu. Alilifukuza kwa maneno makali. Ila huko kufunga alianza kula tena kipande kimoja cha biskuti iliyovunjika kila siku, na baada ya muda ulimi ukakubali kwamba biskuti ni biskuti na karoti ni karoti. Msimamizi akamrudisha kwenye chumba cha jagi.

Trei ya kwanza ilipoletwa, Babu Jagi na Shoga wakauma, wakamgeukia yeye.

"Mnanitazama nini?" akauliza.

"Tunasubiri," alisema Babu Jagi.

"Geuzeni viti. Kila mtu ukutani kwake."

"Shoga, tumekosa nini? Hii ni shule?"

"Mlikuwa mnanifuata mimi, na mimi nilikuwa nimepotea. Nani kati yenu alijua zile biskuti zimepungua utamu?"

Babu Jagi akajimiminia maji. Kisha Shoga akainua mkono, taratibu, kama mtoto. "Mimi nilijua. Tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani unajua. Uso wako ulikuwa na uhakika."

Bi Ulimi akawa wa kwanza kugeuza kiti chake. Wenzake nao wakageuza, wakaonja wakitazama rangi ya ukuta, na siku hiyo kwa mara ya kwanza hawakukubaliana, wakabishana hadi jagi likaisha.

Njiani kurudi nyumbani neno la Shoga lilikaa naye kwenye kiti cha basi. Nilidhani unajua. Yeye naye alikuwa amemwandikia mwanawe "mzima" mwaka baada ya mwaka, kwa uso wenye uhakika. Mtoto angejuaje? Angeonja nini?

Alipika dengu. Akaketi. Hakuvaa gauni safi. Alikuwa bado na nguo za kazi, harufu ya vanila mwilini. Akachukua simu, akatafuta jina, akabonyeza kabla mkono haujapata muda wa kufikiri.

Iliita mara moja tu.

"Mama?" Sauti ya binti ilikuwa imekauka. "Nani? Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Uko hospitali?"

"Niko mezani."

"Mama, unanitisha. Kuna nini?"

Bi Ulimi alikuwa ameandaa maneno fulani kuhusu dengu. Yalimponyoka. "Hakuna kitu. Nakula peke yangu. Sipendi."

 Upande wa pili alisikia kitu kikichachatika kwenye mafuta, na maji ya bomba yakifungwa.

"Hujawahi kusema," binti akasema mwishowe.

"Nimesema sasa."

"Niko napika, mikono yote ina vitunguu. Nimalize nikupigie?"

"Usinipigie. Niweke hapo hapo, wewe pika."

"Nikuweke tu?"

"Hapo pembeni, mafuta yasinirukie."

Binti akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado moyo unamdunda. Akawasha video kama zile jioni za mkataba, simu ikagonga kitu kigumu, ikatulia. Hakukuwa na sura, dari tu, nyeupe, yenye doa la moshi. Bi Ulimi akasikia kisu kwenye ubao. Akasikia mlango, viatu, na sauti ya mkwe kwa mbali.

"Unaongea na nani?"

"Mama."

"Kuna nini?"

"Hakuna. Yupo tu."

Dengu zilikuwa zimepoa na kuganda ukingoni mwa sahani. Hakuinuka kwenda kuzipasha, kwa maana jikoni kwake mtandao hukatika. Akachota kijiko, akala, akiitazama ile dari.